Karatasi za Kwenda Kusoma Ng'ambo ni Kazi ya Chama

(Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Tanga)



Mkutano uliopita ulituagiza tuje tueleze kwa nini binti yetu, ambaye tawi zima lilimchangia ili aende Uingereza kusomea uhandisi wa maji, alinyimwa viza mara ya kwanza. Maneno mengi yamesemwa mitaani. Wako waliosema amefanyiwa hila na jirani. Wako waliosema fedha zililiwa. Na wako waliosema kwamba Mwingereza hapendi mtoto wa maskini asome. Sisi tumekaa usiku mbili, tumezisoma karatasi zote moja moja, na leo twasema kweli mbele yenu: kosa lilikuwa letu. Fedha hazikuliwa, wala hapana jirani aliyefanya hila. Tulifanya kazi kwa moyo lakini bila maarifa, na moyo peke yake haujazi fomu.

Tutaeleza jambo hili tangu mwanzo, ili kijana wa pili asije akajikwaa palepale alipojikwaa wa kwanza.

SI JAMBO JIPYA KWETU

Ndugu zangu, kuchanga ili mtu wetu avuke bahari si jambo lililoanza leo. Mwaka 1955 wanachama wa TANU walichanga senti zao, Mwalimu Nyerere akaenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Kabla ya hapo, mwaka 1949, yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Edinburgh kusoma, akarudi mwaka 1952 na shahada yake, akaenda kufundisha Pugu. Jirani zetu wa Kenya nao, mwezi wa Septemba 1959, walipeleka Marekani wanafunzi 81 kwa ndege moja kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa kule. Na chuo kikuu chetu cha kwanza, kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kilianza na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chama kiliwapa wanafunzi paa lake.

Twayakumbusha haya kwa sababu moja. Wako wanaosema kwamba mambo ya viza ni ya mtu na baba yake, Chama hakihusiki. Sisi twasema kinahusika. Ikiwa Chama kilihusika siku zile ambapo pasipoti yenyewe ilikuwa mikononi mwa Serikali ya kikoloni, kitashindwaje kuhusika leo ambapo pasipoti ni yetu?

PASIPOTI NA VIZA

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Pasipoti ni haki ya raia. Huipata kwa Uhamiaji wa nchi yake, kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Pasipoti ya elektroniki ilipoanza kutolewa hapa nchini mwaka 2018 ada yake iliwekwa shilingi 150,000. Mtu akikucheleweshea bila sababu, una haki ya kuuliza, na kuuliza tena.

Viza ni kitu kingine. Viza ni ruhusa ya mwenye nyumba. Wewe unabisha hodi, naye anauliza wewe ni nani, umefuata nini, utakula nini, na utakaa mpaka lini. Waweza kuona maswali yake yana dharau, na mara nyingine yanayo kweli. Lakini mlango ni wake. Asiyetaka kuulizwa asibishe hodi. Na anayebisha ajibu sawasawa, akiwa amesimama wima, bila kupiga magoti na bila kusema uongo.

NJIA YENYEWE

Sasa tueleze njia ya Uingereza, maana ndiyo tuliyoipita.

Kijana huanza chuoni, haanzi ubalozini. Huomba nafasi katika chuo chenye idhini ya Serikali ya Uingereza ya kupokea wanafunzi wa kigeni. Chuo kikimkubali, na akishatimiza masharti yao, humpa uthibitisho wenye namba yake, ambao kwa kifupi huitwa CAS. Bila namba hiyo hapana ombi la viza. Mtu akikuuzia viza ya mwanafunzi wakati huna chuo, amekuuzia upepo.

Ombi lenyewe hupimwa kwa pointi, nazo zatakiwa 70: 50 za nafasi ya chuo, 10 za fedha, na 10 za lugha ya Kiingereza. Hapana pointi za sura, wala za kabila, wala za kujuana na mtu. Aliye nje ya Uingereza huruhusiwa kuomba mapema kiasi cha miezi 6 kabla ya masomo kuanza, na kwa kawaida jibu hutolewa katika muda wa wiki 3. Kwa hiyo anayengoja mpaka mwezi wa mwisho anajifunga kamba mwenyewe.

Atokaye Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa, naye hupewa cheti. Cheti hicho hudumu miezi 6; akipima mapema mno kitakwisha kabla hajaomba. Karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza yataka tafsiri iliyothibitishwa. Kisha huenda katika kituo cha kupokea maombi, akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Yatupasa tujue kwamba wale walioko dirishani hupokea karatasi tu, hawaamui neno. Asije mtu akawaambia ana shemeji dirishani.

Tena yako malipo. Kuanzia Aprili 2025 ada ya ombi la mwanafunzi ilikuwa paundi 524. Juu yake kuna malipo ya matibabu, ambayo tangu Februari 2024 yaliwekwa paundi 776 kwa kila mwaka wa masomo. Ukinyimwa viza, fedha ya matibabu hurudishwa; ada ya ombi hairudi. Hesabu hizi hubadilika, nasi tulijifunza hilo kwa uchungu, kama mtakavyosikia.

KOSA LETU

Mwanafunzi lazima aonyeshe kwamba ana fedha za kujilisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kiasi kilichotakiwa kilikuwa paundi 1,483 kwa mwezi kwa anayesoma London, na paundi 1,136 kwa anayesoma nje ya London, kwa miezi isiyozidi 9. Binti yetu alipata chuo nje ya London. Zidisheni wenyewe: miezi 9 yafanya paundi 10,224, zaidi ya shilingi milioni 30. Ada ya chuo, iliyokuwa imepunguzwa kwa msaada wa chuo chenyewe, tulikwisha ilipa kando.

Mnakumbuka tulivyozipata fedha hizi. Mzee wake, mstaafu wa reli, aliuza kiwanja. Mama zetu wa soko la samaki walitoa mchango wa kila Ijumaa kwa miezi 7. Walimu walikatwa mishahara kwa hiari yao. Na fedha zote tuliziweka katika akaunti ya mjomba wake, kwa kuwa ni mtu mwaminifu na sote twamjua. Hata leo twasema ni mwaminifu. Hapana senti iliyopotea.

Lakini sheria ya Mwingereza haimjui mjomba. Yeye hukubali akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi wake pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kuridhia. Kwetu sisi mjomba ni mzazi, na ndugu wa baba ni baba. Kwao sivyo. Tulipoligundua hilo tulizihamisha fedha upesi zikaingia katika akaunti ya binti, na siku ya 9 tukapeleka ombi, tukishangilia kwamba tumewahi.

Hapo ndipo tulipoanguka. Fedha zatakiwa ziwe zimekaa katika akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja chini ya kiasi kile, na siku ya mwisho ya hesabu hiyo isiwe imepita siku 31 kabla ya kuomba. Zetu zilikuwa na siku 9. Barua ya kukataliwa ilikuja, haikuwa na tusi wala kejeli. Ilisema tu kwamba fedha hazikutimiza siku. Ada ya ombi ikapotea, na darasa la Septemba likaanza bila yeye.

Ndugu wanachama, siku ile tulikwenda nyumbani kwa Mzee tukamkuta amekaa barazani, hakuwasha taa. Hakutulaumu. Alituuliza neno moja tu: "Sasa kiwanja nitakirudishaje?" Hatukuwa na jibu.

MTU WA MKOBA

Siku tatu baadaye alikuja mtu aliyevaa vizuri, ana mkoba, anasema Kiingereza kwa haraka. Alimwambia Mzee kwamba mambo haya ni madogo. Yeye, kwa shilingi laki nane, atatengeneza karatasi ya benki inayoonyesha fedha zimekaa miezi 3, na muhuri wake. Alisema kila mtu hufanya hivyo, na kwamba ni wajinga tu wanaokwenda kwa njia ndefu.

Mzee aliingiwa na tamaa, wala hatumlaumu; mtu anayezama hushika hata unyasi. Aliyekataa ni binti mwenyewe. Alisema, fedha ninazo kweli, kwa nini niseme uongo juu ya kitu cha kweli?

Na laiti asingekataa! Maafisa wale huweza kuiuliza benki yenyewe, na karatasi ya kughushi ikigunduliwa, sheria yao yaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10. Aliyekosa siku 28 huomba tena baada ya siku 28. Aliyesema uongo hungoja miaka 10, na baada ya hapo jina lake bado limeandikwa. Kosa la kwanza ni la kutojua, la pili ni la kukusudia. Msiyalinganishe.

Wako mawakala wa halali, hatukatai, wanaotambuliwa na vyuo na walioandikishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Huyo mwulizeni karatasi zake, mwende mkazihakikishe. Lakini yeyote asemaye "nipe fedha, mambo mengine niachie mimi" huyo ni mwizi hata akivaa tai. Kijana ajaze fomu yake mwenyewe, ajue kila neno lililoandikwa humo, maana akiitwa kuhojiwa ndiye atakayejibu. Ataulizwa kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, nani anayelipa. Asiyejua alichoandikiwa atababaika hata kama yaliyoandikwa ni kweli.

TULIVYOSIMAMA TENA

Chuo kilifanya hisani, kikampa nafasi katika darasa la Januari 2026 na uthibitisho mpya. Safari hii fedha tuliziacha katika akaunti yake, hakuna aliyezigusa. Tukahesabu siku kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani hapa ofisini, mliiona.

Mara tukasikia kwamba kuanzia Novemba 2025 kiasi kimepandishwa tena, kikawa paundi 1,529 kwa London na 1,171 kwa nje ya London. Miezi 9 sasa yataka paundi 10,539. Tumepungukiwa na paundi 315, karibu shilingi milioni moja. Na siku 28 zahesabiwa tangu fedha zitimie. Kwa hiyo kalenda yetu yote ikafutwa, tukaanza upya.

Sisi twataka iandikwe katika kumbukumbu za tawi kwamba mama wa soko la samaki ndio waliolijaza pengo lile kwa siku 4. Mama mmoja alitoa shilingi elfu mbili akasema, andikeni na hii. Tuliiandika. Siku 28 zikatimia, ombi likaenda, na viza ikatoka. Binti yetu yuko masomoni.

SWALI AMBALO NI LETU

Sasa tufike kwenye neno kubwa kuliko yote. Katika nchi nyingine, kama Marekani, sheria humhesabu kila mwombaji wa viza ya masomo kuwa ni mtu anayetaka kuhamia huko moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba atarudi kwao. Watu wetu huudhika na swali hilo. Lakini sisi twauliza: je, si swali letu kabla halijawa lao? Tumeuza kiwanja, tumechanga samaki kwa samaki, ili iweje? Ili tupate mhandisi wa maji, au ili tupate picha ya binti yetu amesimama kwenye theluji?

Desemba 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi tangazo lililozuia viza za wanafunzi wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Sababu mojawapo iliyotajwa ni watu waliopitiliza muda wa viza zao. Sisi twasema waziwazi kwamba kumwadhibu mtoto asiye na kosa kwa kosa la mwingine si haki, hata kama anayefanya hivyo ni taifa kubwa. Lakini twasema pia kwa wale wanaotoroka masomo na kujificha: ninyi mlidhani mmeudanganya ubalozi, kumbe mliwafungia mlango wadogo zenu.

Hatusemi kwamba kila anayebaki ni msaliti. Uingereza yenyewe huwaruhusu waliohitimu kukaa kwa muda na kufanya kazi. Kwa miaka kadhaa muda huo ulikuwa miaka 2 kwa wenye shahada ya kwanza na ya pili, na wametangaza kuupunguza uwe miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Mtu akikaa kwa sheria, akapata ujuzi, akaleta, hapana ubaya. Wangari Maathai wa Kenya alikwenda Marekani mwaka 1960, akarudi mwaka 1966 na shahada mbili, na mwaka 2004 dunia nzima ilimtunza kwa miti aliyowafundisha akina mama wa Kenya kuipanda. Safari yake ilikuwa ndefu, lakini ilikuwa na mwisho nyumbani.

Hapa, ndugu Mwenyekiti, yatupasa tujisute nasi. Wako vijana waliorudi na vyeti vyao, wakazunguka maofisini miaka miwili, wakaishia kuuza vocha za simu. Tukiwalaumu waliobaki bila ya kuwatazama waliorudi, lawama yetu haina uzito. Mtu hurudi kunako kazi, na kunako watu wanaomngoja. Mkitaka binti yule arudi, anzeni leo kumwandalia mahali pa kurudi.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwa hayo, Kamati yaomba mkutano ukubali mambo manne.

La kwanza, tawi liwe na daftari la elimu, ambamo njia hii yote imeandikwa kwa Kiswahili, na kabla ya kila ombi watu wawili wa Kamati wahakikishe hesabu na masharti katika taarifa za Serikali ya nchi inayohusika wiki ileile. Tusitegemee ya mwaka jana, wala ya kusikia.

La pili, mchango wa mwanafunzi uingie tangu siku ya kwanza katika akaunti yake mwenyewe au ya mzazi wake, na tawi liwe na nakala ya kila risiti. Uaminifu wa mjomba tuuheshimu, lakini fedha ziwe mahali zinapotambuliwa.

La tatu, mwanachama yeyote atakayeonekana akiuza au kununua karatasi za kughushi aitwe mbele ya tawi. Tusimfiche kwa sababu ni jamaa.

La nne, kabla kijana hajaondoka, aulize TCU kama shahada anayoifuata itatambuliwa hapa nyumbani. Na tawi liandike barua kwa ofisi inayohusika na kazi yake, likisema: tuna mtu wetu anayesoma jambo hili, atahitimu mwaka fulani, muwe na habari. Barua ya binti yetu kwa watu wa maji tumekwisha iandika. Iko mezani hapa. Yangoja sahihi ya Mwenyekiti.

Ndugu zangu, Mzee anatusikiliza, amekaa pale nyuma. Aliuliza kiwanja atakirudishaje. Siku ile hatukuwa na jibu, na leo hatutamdanganya kwamba tunalo lote. Twaweza kumwambia hili tu: maji yakifika katika mtaa wetu kwa mkono wa binti yake, hatutasahau yalianzia katika kiwanja cha nani. Na barua iliyoko mezani ndiyo hatua yetu ya kwanza kwake. Twaomba itiwe sahihi leo, kabla hatujatawanyika.

Uhuru na Kazi.